Akron, mji alikozaliwa LeBron: mtoto wa nyumbani akipata jina, nyumbani panabaki na nini?

Agosti 2024, Marekani iliifunga Ufaransa pointi 98 kwa 87 na kuchukua dhahabu ya mpira wa kikapu katika Olimpiki ya Paris. Nyota wawili wakubwa wa timu ile, LeBron James na Stephen Curry, walizaliwa mji mmoja, tena hospitali moja. Mji huo ni Akron, katika jimbo la Ohio.

Akron si New York wala Los Angeles. Ni mji wa kadiri, wenye watu wapatao 190,000. Tumeona tuueleze leo kwa sababu habari yake inagusa jambo tunalolizungumza sana huku kwetu. Mtu akitoka kwetu akawa mkubwa, tunatarajia nini kutoka kwake, na yeye anaweza nini?

Mji wa matairi

Wasikilizaji wetu wenye umri wanayakumbuka matairi ya General Tyre yaliyotengenezwa Arusha. Jina lile lilitoka Akron, ambako kampuni ya General Tire ilianzishwa mwaka 1915. Goodyear ilikuwa imeanza hukohuko mwaka 1898, na Firestone mwaka 1900. Kwa miaka mingi Akron iliitwa makao makuu ya mpira duniani.

Maelfu ya watu, Weusi na Weupe, walihamia huko kutafuta kazi. Kazi ilikuwa nzito, na mwaka 1936 wafanyakazi wa Goodyear waligoma kutetea haki zao. Lakini mshahara ule ulijenga nyumba na kusomesha watoto.

Mmoja wa watoto hao ni Rita Dove, aliyezaliwa mwaka 1952. Baba yake alikuwa mmoja wa wakemia Weusi wa kwanza katika viwanda vya matairi vya Marekani, ingawa mwanzoni, pamoja na elimu yake, alipewa kazi ya kuendesha lifti. Binti akawa mshairi. Mwaka 1987 alipata tuzo ya Pulitzer kwa mashairi yaliyotokana na maisha ya babu na bibi yake waliohamia Akron, na mwaka 1993 akateuliwa kuwa mshairi wa taifa.

Mtoto mwingine wa Akron ni Judith Resnik, aliyezaliwa mwaka 1949. Mwaka 1984 akawa mwanamke wa pili wa Marekani kwenda anga za juu. Alifariki Januari 1986, chombo cha Challenger kilipolipuka.

Viwanda vinafungwa

Baadaye mambo yalibadilika. Viwanda vilifungwa au kuhamishwa, na kufikia miaka ya 1980 utengenezaji wa matairi ya magari madogo ulikuwa umekwisha Akron. Mwaka 1960 mji ulikuwa na watu kama 290,000. Hesabu wenyewe ni wangapi wameondoka.

LeBron alizaliwa katika hali hiyo, Desemba 1984. Mama yake alikuwa na miaka 16. Walihama nyumba mara kwa mara, na akiwa darasa la nne alikosa shule siku 83. Aliyemwokoa ni kocha wa timu ya watoto, aliyemchukua akakae na familia yake. Mtoto akarudi darasani.

Curry yeye alizaliwa Akron mwaka 1988 kwa sababu baba yake alikuwa akiichezea timu ya Cleveland, jirani na hapo. Familia ikahama, naye akakulia Charlotte. Kuzaliwa mahali ni jambo moja, kulelewa hapo ni jingine.

Shule ya ahadi

Mwaka 2018 shule iitwayo I Promise, yaani Naahidi, ilifunguliwa Akron kwa ushirikiano wa taasisi ya LeBron na mamlaka ya shule za mji. Ni shule ya umma. Watoto huchaguliwa kwa bahati nasibu miongoni mwa waliobaki nyuma katika kusoma. Wanafunzi wa kwanza walipewa baiskeli, familia hupata chakula, na wazazi husaidiwa kumaliza masomo yao. Taasisi inaongeza fedha, lakini sehemu kubwa ya gharama za kawaida inatoka kwenye kodi za wananchi.

Mwaka 2023 bodi ya shule ilipewa taarifa nzito. Katika kundi la kwanza la wanafunzi, waliokuwa wanaingia darasa la nane, hakuna hata mmoja aliyefaulu mtihani wa hesabu wa jimbo tangu darasa la tatu.

Wapo waliosema shule imeshindwa. Wengine walikumbusha kwamba watoto hawa walichaguliwa kwa sababu walikuwa nyuma, na kwamba korona ilifunga madarasa. Sisi tunaona hoja zote mbili zina uzito. Chakula na baiskeli humfikisha mtoto shuleni, lakini hesabu hufundishwa na mwalimu, siku baada ya siku, na anayepaswa kuulizwa kuhusu hilo ni mwenye shule, yaani mamlaka ya umma.

Hapo ndipo penye somo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Tajiri mmoja, hata mwenye moyo, hawezi kurudisha mishahara ya viwanda vilivyoondoka. Ila anaweza kumfanyia mtoto mwingine kile alichofanyiwa na yule kocha.

Kwa hiyo mtu akija kwenu akisema "mimi ni mtoto wa hapa", mpokeeni vizuri. Kisha muulizeni: utaanzisha nini, nani atakiendesha ukiondoka, na tutapimaje kama kinafanya kazi? Maswali hayohayo mpelekeeni na diwani wenu.