Nunua bakuli, achana na maikrowevu
Na Rashid Omari

Mwaka 1929, huko Princeton, Marekani, mwanafizikia Robert Van de Graaff aliunda mtambo wake wa kwanza wa umeme tuli kwa kopo la bati, mota ndogo na utepe wa hariri wa dukani. Kisha akaomba dola 100 ili atengeneze mwingine ulio bora, akazipata kwa taabu. Kufikia 1931 alikuwa na matufe mawili, kila moja na kipenyo cha sentimita 60, na baina yake volti milioni 1.5.

Vijana wanaolalamika kwamba hawawezi kuanza kuunda mtambo kama huo bila tufe la kuagizwa ng'ambo wangeanzia hapo. Chaji hukaa juu ya uso wa chuma tu. Ndani pakiwa patupu hakuna hasara, na alumini haizidiwi na chuma kisichoshika kutu. Kinachoamua ni ukubwa na ulaini. Hewa kavu huhimili takriban volti 30,000 kwa kila sentimita. Kwa hiyo tufe lenye kipenyo cha sentimita 30 haliwezi kuvuka volti 450,000, hata mwenyewe azungushe mkanda unaolipelekea chaji usiku kucha. Likiwa na ncha kali, halifiki hata huko, maana umeme huvujia hapo.

Ndiyo maana wapenzi wa fani hii Ulaya na Marekani hununua mabakuli mawili ya saladi na kuyaunganisha mdomo kwa mdomo. Wajenzi wa koili za Tesla, mitambo mingine ya volti kubwa, nao hupinda bomba la alumini la kukunjika, lile la kutolea hewa ya mashine ya kukaushia nguo, likawa pete ya kukaa mahali pa tufe.

Kasoro ya bakuli ni ukingo wake. Mara nyingi umekunjwa kwa nje, na mabakuli yakikutana unabaki mstari uliochomoza katikati ya tufe. Mnunuzi apitishe kidole hapo kabla ya kulipa. Aliye Nairobi anaweza kwenda Kamukunji, kwa mafundi wanaogonga sufuria na masanduku, akaomba ukingo ukunjwe kwa ndani. Bonde dogo la nyundo si kitu. Mkwaruzo uliosimama ndio adui, na msasa laini unaumaliza.

Lakini kuna kifaa kimoja ambacho safu hii haitamshauri mtu akitafute kwa wauza skrepa: transfoma ya maikrowevu. Inatoa kama volti 2,000 tu, na udogo huo ndio unaowadanganya watu. Tufe la mezani hutoa mkondo hafifu unaomshtua mtu. Transfoma hiyo hutoa mkondo wa kusimamisha moyo. Huko Marekani imekwishaua watu waliokuwa wakiitumia kuchora mapambo juu ya mbao kwa umeme, hadi chama cha wachongaji, American Association of Woodturners, kikapiga marufuku uchoraji huo katika shughuli zake. Mwalimu wa fizikia akimwona mwanafunzi anaifungua maikrowevu mbovu, amzuie hapo hapo.