Fundi wa Nyumbani: Jiko la Moshi Likisema Uwongo

Jiko la umeme la kukaushia samaki kwa moshi ni sanduku la chuma. Chini mna waya wa moto na vibanzi vya kuni vinavyofuka moshi. Ukutani, kwa ndani, kuna kijiti kidogo cha chuma: ndicho kipima joto. Joto likitimia, kijiti hupeleka habari na umeme hukatika. Likipungua, umeme hurudi. Basi kijiti kikisema uwongo, jiko zima hufuata uwongo huo.

Kikionyesha joto dogo kuliko lililopo, jiko huzidi kuwaka na samaki huungua. Hiyo ni hasara, lakini yaonekana. Kikionyesha joto kubwa kuliko lililopo, hatari ni kubwa zaidi. Umeme hukatika mapema. Moshi humpaka samaki rangi nzuri ya kahawia, kumbe ndani hajaiva, na vijidudu vya ugonjwa vingali hai. Watoto hula, na usiku matumbo huwauma. Rangi si ushahidi. Yafaa katikati ya mnofu pafike digrii 63, na joto hilo lidumu nusu saa.

Kabla ya kulaumu jiko, fanyeni hivi:

Kwanza, chomoeni waya wa umeme, jiko lipoe. Futeni kijiti kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, maana mafuta na masizi hukichelewesha kulisikia joto.

Pili, tafuteni kipima joto kingine cha jikoni. Kile cha kupimia homa hakifai, maana huishia digrii 42 hivi. Wala msitumie cha zebaki, kikivunjika ni sumu. Kijaribuni katika maji yenye barafu nyingi iliyopondwa: kionyeshe 0. Kisha katika maji yanayochemka: pwani kionyeshe 100. Lakini kando ya ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii 96 hivi. Msikitupe bure!

Tatu, kiwekeni karibu na kile kijiti, jiko likiwa tupu, muwashe. Baada ya nusu saa andikeni namba za vyote viwili, mkirudia kila dakika kumi, maana joto hupanda na kushuka umeme ukikatika na kurudi.

Tofauti ikiwa ile ile kila mara, ihesabuni mnapopanga joto. Namba zikirukaruka, au kukionekana baridi kali jiko likiwa moto, huenda waya umekatika au kiungo kimelegea. Hapo zimeni, mwiteni fundi wa umeme, mkanunue kijiti cha namna ile ile, kwa kuwa cha namna nyingine hupeleka habari nyingine.

Mpaka kitengenezwe, msiuze samaki wa jiko hilo. Mnunuzi hana kipima joto. Hutegemea uaminifu wenu.