Kabla ya Kujenga Jiko, Tuulize Upepo

Wako wenzetu wasemao kwamba upepo wa Mkuza hauna haja ya kupimwa: watoka baharini, basi yatosha. Mimi nasema haitoshi. Jiko la kuni likijengwa upande usiofaa, moshi utawaumiza macho wanafunzi miaka mingi, kwani jengo halihamishwi kama dawati.

Iko picha iitwayo waridi la upepo. Ni duara lenye mikono 8 au 16, kila mmoja ukielekea upande wake wa dunia. Mkono mrefu ni wa upande ambao upepo hutoka mara nyingi. Rangi zake zaonyesha nguvu ya upepo. Wengi hukosea hapa: mkono huonyesha utokako upepo, wala si uendako. Mkono mrefu ukiwa kusini-mashariki, moshi utakwenda kaskazini-magharibi.

Tena kuna majira. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki, Desemba hata Machi hivi. Kusi huvuma toka kusini na kusini-mashariki, Mei hata Septemba. Mababu walijua hayo: majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na Kaskazi, yakarudi na Kusi. Tukichanganya miezi 12 katika waridi moja, hatutajua mkono upi ni wa majira yapi. Yafaa tuchore mawili.

Mtu aweza kusema, tuombe hesabu za uwanja wa ndege wa Julius Nyerere, Dar es Salaam. Ni kweli kule upepo hupimwa daima, maana ndege huruka na kutua ikiukabili. Lakini uwanja ule u karibu na bahari, nasi tuko bara kidogo, penye miti na miinuko igeuzayo upepo. Isitoshe, saa nazo zina neno. Mchana upepo wa baharini huingia nchi kavu. Usiku hulegea, na hewa ya nchi kavu huweza kurudi baharini. Mpishi wa uji huwasha moto alfajiri! Waridi la saa tisa alasiri halitamwambia moshi wake utakwenda wapi.

Kazi yenyewe si ghali. Twahitaji mlingoti mahali pa wazi, kitambaa chepesi, dira na daftari. Tutazame mara tatu kila siku: saa kumi na moja alfajiri, saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Kwa mwaka tutapata hesabu 1,095. Siku za shwari nazo ziandikwe, kwa kuwa moshi usiosukumwa hukaa papo hapo.

Nawaomba walimu wa Jiografia watuongoze, na wazazi wasituharakishe. Mwaka mmoja wa kungoja si mrefu ukilinganishwa na umri wa jiko. Wahenga walisema, kawia ufike.