Jamaa Si Mzigo wa Atakaye Kuendelea

Imeenea hapa Kolwezi, na katika miji yote ya shaba hadi Likasi na Lubumbashi, itikadi kwamba mtu atakaye kuendelea sharti kwanza ajitenge na watu wake, ahame mtaa wanaomjua, aijenge nafsi yake hata ikamilike, kisha ndipo atafute wa kushirikiana naye. Vijana huusiana hivyo kana kwamba ni hekima, na wapo wahubiri waitiao baraka madhabahuni. Mimi naona itikadi hiyo ni batili, na dhuluma yake huwaangukia hasa wale inaodai kuwainua.

Tuitazame asili yake. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière, ilipoazimia kuwakalisha wafanyakazi wake kambini karibu na migodi, ilimpa mwajiriwa nyumba, posho, shule na hospitali, yeye na mkewe na watoto wake, na hapo hesabu ikakoma. Mjomba, shangazi na mpwa hawakuwamo daftarini. Gécamines, iliyoshika migodi baada ya kutaifishwa mwaka 1967, ikaurithi na mpango huo. Basi dhana ya mtu kamili asiye na ukoo, tunayouziwa leo kama busara mpya, ni desturi ya kambi, nayo ilidumu maadamu kampuni ilidumu kulipa. Uzalishaji ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, mishahara ikakaa miezi na miezi bila ya kulipwa, hata mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi wapatao 10,000 wakaanza kuagwa kwa malipo ya mkupuo mmoja, ni nani aliyeilisha Kolwezi? Ni kina mama waliokwenda sokoni na mashambani, ni likelemba za majirani, yaani michango ya zamu, ni mpwa aliyesomeshwa zamani kwa shingo upande.

Na tuache chakula, kwani lipo jambo ambalo mji huu ungestahili kujivunia kuliko shaba yake. Mwaka 1953, katika misheni ya Ruwe, Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyekwisha kujulikana mbali kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alianzisha vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa pamoja na wafanyakazi wa migodi na wake zao. Mafundisho yao yalisimama juu ya uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakaongozwa hatua kwa hatua na baba na mama waliowatangulia, wakawa watoto wao wa kiroho, kisha nao wakawalea wengine. Maaskofu baadaye waliyatilia shaka baadhi ya makundi ya Jamaa, wala siamui kesi hiyo hapa. Nililolishika ni kwamba watu wa kambi, ambao kampuni ilikuwa imewahesabu bila ya ukoo wao, walitambua kuwa roho haikui ila mikononi mwa mwingine. Subira, msamaha, uaminifu: ni ipi katika hizo ataipata mtu chumbani peke yake, akisikiliza nasaha za asiowajua?

Hata katika uchimbaji wa mikono, ambao husemwa kuwa kila mtu na bahati yake, waliochimba chini ya nyumba za mtaa wa Kasulo tangu kobalti ilipoonekana pale mwaka 2014 walifanya kazi kwa vikundi, kwani aliye chini hutegemea walio juu.

Nitaambiwa kwamba simtaji shangazi aliyekuja kwa wiki moja akakaa mwaka, wala ndugu aishiye kwa jasho la mwenziwe. Nawataja, na taabu yao ni ya kweli. Lakini dai lisilo haki hukataliwa kwa maneno ya wazi na ya staha, mbele ya wazee ikibidi. Na kujifunza kukataa bila ya kukata undugu ndiko kukua kwenyewe, kazi ngumu ambayo aliyejitenga ameikimbia. Kwa hiyo namwomba kijana ambaye tangu apate kazi migodini hapokei simu za nyumbani, apige yeye leo, aseme anachoweza kutoa na asichoweza, kisha aulize habari zao, asikilize mpaka wamalize.