Sikucheka Shakahola Ilipofichuka

Aprili 2023, habari za Shakahola zilipoanza kumwagika, nilikuwa nimeketi nje ya godauni moja hapa Shimanzi nikingoja trela liingie tupakie majani chai. Vibarua wenzangu walikuwa wameizunguka simu moja. Kila picha ikipita mtu anasema, "Wajinga hawa! Mtu mzima aambiwe asile, na yeye akubali?" Wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuficha hofu.

Mimi sikucheka. Si kwamba nina huruma kuwashinda. Ni kwamba miezi minane kabla ya siku hiyo nilikuwa nimetuma karo yangu yote ya chuo kwa mhubiri, usiku, kwa simu, nikilia kwa furaha.

Shilingi 32,000. Sehemu kubwa ilikuwa zamu ya mamangu kwenye chama chao. Mama anakaanga viazi karai upande wa Makande, kwa hivyo fikiria mwenyewe ni sahani ngapi hizo. Mhubiri simtaji wala kanisa silitaji, maana sijaja kumwanika mtu. Alisema mwenye deni la shule alipande kama mbegu, na Mungu atamsomesha mpaka avae joho. Akasema mlango wa neema hiyo unafungwa saa sita usiku. Saa sita kamili, kama ofa ya bando! Saa tano na dakika arobaini nikabonyeza tuma.

Mlango haukufunguka. Mtihani ulipofika jina langu halikuwa kwenye orodha, na chuo nikakiacha mwaka wa pili. Ndipo nikaanza kubeba magunia.

Sasa utaniambia karo na Shakahola ni vitu viwili tofauti, na ni kweli. Kule zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kutoka msituni, Kaunti ya Kilifi. Paul Mackenzie, aliyewahi kuwa dereva wa teksi kabla ya kuanzisha kanisa la Good News International, alishtakiwa pamoja na wenzake kwa makosa kadhaa, yakiwemo mauaji ya watoto 191, na wakayakana. Mahakama ndiyo itakayoamua hilo. Lakini mimi naitazama njia, siutazami mwisho wake peke yake. Kabla ya msitu, mahubiri yake yalikuwa yakikataza watu shule na hospitali. Hakuna aliyeamka asubuhi moja akaamua kufa njaa. Mtu alianza kwa kumtoa mtoto darasani. Halafu akatupa dawa, akauza kiwanja, akahama. Mimi nami nilikuwa hatua ya kwanza au ya pili ya barabara hiyohiyo, ila tu wa kwangu alitaka pesa.

Na watu wakisema "walikosa elimu", mimi huwa nanyamaza, kwa sababu nilikuwa na kitambulisho cha chuo mfukoni. Wengine husema walikosa imani. Imani ipi tena? Walikuwa nayo ya kumwaga.

Nimekuja kugundua kwamba kwenye Biblia mpumbavu mara nyingi si yule asiyeamini. Wale wanawali watano walikuwa na taa, na walikuwa wakimngoja bwana arusi yuleyule. Aliyejenga mchangani alisikia maneno yaleyale aliyoyasikia aliyejenga kwenye mwamba. Yaani upumbavu huu unakaa ndani ya nyumba, unaimba pambio, unajua kufunga na kuomba. Ndiyo maana ni vigumu kuutambua. Unanukia utakatifu.

Halafu kuna Yeftha, hadithi ambayo sijawahi kuisikia kwenye kesha hata moja, nami makesha nimeyakesha. Yuko kwenye Waamuzi, sura ya 11. Anaweka nadhiri kubwa ambayo Mungu hakuiomba: akishinda vita, atamtoa sadaka chochote kitakachotoka kwanza mlangoni kumlaki. Anashinda. Anayetoka mlangoni ni binti yake wa pekee, akicheza ngoma. Nadhiri ilikuwa ya baba, bili ikamfikia mtoto.

Hapo ndipo panaponikaba koo. Waliookoka Shakahola walisimulia kwamba watoto ndio waliotangulizwa kufungishwa. Madaktari wa serikali waliopasua maiti walisema wengi walikufa kwa njaa, lakini wako waliokuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa, watoto wakiwemo. Mzazi akaweka nadhiri, mtoto akailipa. Na kwangu, mimi nilipanda mbegu, mama akarudi kwenye karai mwaka mzima bila zamu yake ya chama. Aliyefurahia usiku ule nilikuwa mimi. Aliyeamka saa kumi alfajiri kumenya viazi alikuwa yeye.

Siku hizi nikisikia uamuzi wowote wa kiroho, swali langu la kwanza ni: nani ataulipia?

La pili ni siri. Nimejiuliza mara nyingi, lau usiku ule ningetoka nje nikamwambia mama, "Nataka kutuma karo kwa mtumishi," ingekuwaje? Angeninyang'anya simu, na kofi juu. Nilijua hivyo, ndiyo maana sikumwambia. Imani ambayo huwezi kumweleza anayekupenda kabla ya kuitenda, hiyo itilie shaka. Wafuasi wa Shakahola walitoka pembe nyingi za Kenya wakaacha jamaa zao wakahamia msituni. Umbali ule haukuwa wa bahati mbaya.

Na hili la kupinga shule na dawa kwa jina la Yesu, hapa Pwani ni ajabu zaidi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akatafiti lugha zetu na kuandika kamusi ya Kiswahili. Freretown, pale ng'ambo, iliwapokea watumwa waliokombolewa na palikuwa na shule. Ile kengele yao ndiyo iliyopapa Kengeleni jina lake. Wamishonari walikuwa na makosa yao, na siku nyingine nitayaandika, lakini Ukristo ulipoingia hapa ulikuwa na kitabu mkononi. Anayekwambia ukitupe anakuhubiria kitu kingine.

Rafiki yangu mmoja, baada ya hayo yote, aliacha kanisa kabisa. Ananicheka nikivaa Jumapili. "Bado tu hujashika funzo?" Namheshimu, lakini nadhani amekosea. Yesu mwenyewe alipelekwa juu ya kinara cha hekalu akaambiwa ajirushe, malaika watamdaka. Na Shetani alikuja na mstari, tena wa Zaburi! Yesu hakujirusha. Kukataa kwake ndiko kulikokuwa imani. Hilo hakuna aliyenifundisha. Nilifundishwa kwamba ukisita, umeshindwa.

Wapo wanaosema serikali ndiyo itatuokoa. Rais Ruto aliunda jopo mwaka 2023 chini ya Mchungaji Mutava Musyimi litazame namna ya kuyasimamia makanisa. Sawa, sheria iwepo. Lakini Julai 2025 makaburi mengine yakapatikana Kwa Bi Nzaro, Kilifi hiyohiyo, na zaidi ya miili 30 ikatolewa. Hakuna askari atakayekaa kitandani kwako saa tano na dakika arobaini.

Kugeuka je? Hapa nilijidanganya tena. Baada ya kukosa mtihani nilienda madhabahuni mara tatu kutubu. Nililia, nikashikwa kichwa, nikarudi nyumbani nikiwa mwepesi. Na mama bado hajui! Nilikuwa natubu kwa kila mtu isipokuwa niliyemkosea. Siku niliyogeuka kwelikweli hapakuwa na kinanda. Tulikuwa jikoni, yeye anachanganya unga wa kuvirushia viazi, mimi nimesimama mlangoni kama mgeni. Nikasema yote. Akanyamaza muda mrefu, akafuta mikono kwenye leso.

"Kwani Mungu alikuwa na shida ya elfu thelathini na mbili?" akaniuliza.

Sikuwa na jibu. Akanisukumia ndoo. "Basi menya."

Tangu hapo namlipa mia tano kila Jumamosi nikipata kibarua. Anaandika kwenye daftari la chama, ukurasa wa nyuma, kwa kalamu ya risasi. Zimebaki elfu tisa. Kanisani nimehama, niko kwengine kadogo ambako mweka hazina husoma hesabu mbele ya watu kila mwisho wa mwezi, jambo linalochosha kweli, na watu husinzia. Mimi husikiliza mpaka senti ya mwisho.

Namba ya yule mhubiri bado hunitumia ujumbe kila Ijumaa. Wiki jana ulikuja wakati mama ananihesabia chenji. Akauona, akauliza ni nani. Nikampa simu asome mwenyewe.