Mashua za Mifereji ya Uingereza na Msafiri Mwenye Siku Saba

Alfajiri ya tarehe 22 Desemba 2025, tuta la mfereji wa Llangollen lilikatika karibu na mji wa Whitchurch, huko Shropshire nchini Uingereza. Maji yalimwagika, ardhi ikafanya shimo kubwa, na baadhi ya mashua zilizokuwa zimefungwa hapo zikaporomoka ndani yake. Watu waliokuwa mashuani waliokolewa, na hakuna aliyekufa. Kwa wengi hiyo ilikuwa habari ya siku moja, ikapita. Kwangu mimi haikupita, kwani mfereji huo ndio niliokuwa nikiupigia hesabu ya safari.

Mpwa wangu anaishi Birmingham, na kazi yake humpa juma moja tu la mapumziko wakati wa kiangazi cha huko. Amependekeza tukodi mashua ya mifereji, sisi sita: yeye na mkewe, watoto wao wawili, mimi, na mamake, ambaye ni dada yangu na ametimiza miaka 70. "Mjomba," aliniambia kwenye simu, "tupige mzunguko mzima, tusirudie njia." Hapo ndipo tulipohitilafiana, na naona hitilafu yetu yastahili kuzungumzwa hadharani, kwa kuwa nyuma yake liko swali kubwa zaidi juu ya mifereji yenyewe.

Kwanza msomaji ajue mashua hizi ni za namna gani. Upana wake hauzidi futi 7, na urefu waweza kufika futi 70. Ni kama ujia wa nyumba uliotiwa majini: jiko, vitanda, choo na bafu vimefuatana kimoja nyuma ya kingine kutoka omo hadi tezi. Nahodha husimama tezini ameshika kana, na akitaka omo ielekee kulia huisukuma kana kushoto, jambo lisilomshangaza mtu wa pwani hata kidogo, ila dereva wa gari humtoa jasho. Mwendo ulioruhusiwa ni maili 4 kwa saa, na ukipita mashua zilizofungwa wapaswa kupunguza zaidi, la sivyo wimbi lako litazing'oa vigingi vyake. Mtu aendaye kwa miguu ukingoni, akikaza mwendo, atakuacha.

Ajabu ni kwamba hii ndiyo iliyokuwa njia ya haraka ya zama zake. Mhandisi James Brindley, aliyeshiriki kujenga Mfereji wa Bridgewater uliofunguliwa mwaka 1761 ili kupeleka makaa ya mawe Manchester, aliwaonyesha wafanyabiashara kwamba farasi mmoja ukingoni aweza kuvuta shehena ambayo barabarani ingehitaji msururu wa mikokoteni. Kisha reli zikaja zikaipokonya mifereji kazi hiyo. Mwaka 1948 mingi yake ikawa mali ya serikali, na baridi kali ya 1962 na 1963 ilipoyagandisha maji kwa majuma mengi, biashara ya mizigo ikapata pigo ambalo haikuinuka tena. Palibaki wapendao starehe, na wale waliofanya mashua kuwa makazi yao.

Basi tuje kwenye hesabu. Panapo mwinuko, mfereji hupandishwa kwa malango: chumba cha mawe chenye milango mbele na nyuma. Mashua huingia, milango hufungwa, vilango vidogo vya chini hufunguliwa kwa mkono wa chuma, maji hujaa na mashua huinuka. Mtu wa Lamu ajuaye kungoja maji yajae ndipo apite Mkanda hahitaji kufundishwa subira ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba hapa mwezi haufanyi kazi, wewe mwenyewe ndiwe mwezi. Kila lango huchukua dakika 15 au 20, na kama kuna foleni, zaidi. Kwa hiyo wazoefu hujumlisha maili na malango, kisha hugawanya kwa 3. Jibu ndilo idadi ya saa.

Mpwa wangu ameupenda mzunguko uitwao Four Counties Ring. Una maili 110 na malango 94. Jumlisha, gawanya: saa 68. Wepesi wa mikono husema waweza kuumaliza kwa saa 55. Lakini juma la kukodi si siku saba kamili. Aghalabu wakupa mashua Jumamosi alasiri, na waitaka irudi Jumamosi ya pili asubuhi. Zabaki siku sita nzima. Hata tukiwa wepesi kama hao wa saa 55, ni saa tisa kila siku bila kukosa, na tukiwa wazito, ni kumi na moja. Kati ya Wheelock na Kidsgrove peke yake yapo malango zaidi ya 25 yaliyopangana kama ngazi. Dada yangu atafanya nini siku hiyo? Atakaa ndani akitazama kuta za mawe zenye majimaji zikipanda na kushuka.

Na ubaya wa mzunguko ni kwamba hauna mlango wa kutokea. Ukivuka nusu, njia fupi ya kurudi ni kwenda mbele. Mtoto akiugua, lango likiharibika, upepo ukikusukuma ukingoni, huwezi kugeuza tu kama gari. Mashua ya futi 60 hugeuzwa mahali maalumu palipopanuliwa, na pengine pako maili kadhaa kutoka ulipo. Mwenye siku 14 na aupige mzunguko, Mungu ampe heri. Mwenye siku saba yamfaa njia ya kwenda na kurudi, kwa kuwa hiyo aweza kuikata popote.

Mimi nimependekeza tuanzie Trevor, nchini Wales, upande wa magharibi, mbali na mahali tuta lilipokatika. Hatua chache kutoka hapo lipo daraja la maji la Pontcysyllte, kazi ya Thomas Telford na William Jessop, lililofunguliwa mwaka 1805. Mfereji wenyewe hupita juu ya daraja ndani ya birika la chuma, futi 126 juu ya mto Dee. Upande mmoja una njia ya miguu yenye kinga, upande wa pili hauna kitu, ukichungulia waona bonde. Tangu 2009 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Tutakwenda kwanza Llangollen, maili nne na nusu, tukirudi tulivuke daraja hadi Chirk, kisha Ellesmere, ambako ni kama maili 14 kutoka Trevor, na malango mawili tu njiani. Kwenda na kurudi kote, saa zinakaribia 14.

"Saa 14 kwa juma zima?" akauliza mpwa wangu, kama aliyepunjwa. Ndiyo. Kwanza, mkondo wa mfereji huu hutoka mto Dee na hutiririka kweli, kwa hiyo kupanda Llangollen ni polepole kuliko hesabu. Pili, mwezi Juni jua la huko huchwa baada ya saa tatu unusu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Siku ndefu kama hiyo ndiyo imtiayo mgeni tamaa ya kusafiri mchana kutwa. Lakini sisi tuna Sala tano, na mfereji hupinda kama nyoka. Huwezi kusimama kuelekea kibla mashua ikienda. Itabidi tufunge kwanza, na tukumbuke kwamba huko kibla ni kusini-mashariki, si kaskazini kama tulivyozoea Mombasa. Magharibi yenyewe yaingia watoto wakiwa wameshachoka. Vitabu vya wasafiri wa mifereji hupanga vituo kwa vilabu vya pombe. Sisi tutavipanga kwa maduka ya vyakula na mabomba ya kujazia tangi, kwani watu sita wenye kutawadha humaliza maji upesi kuliko mwenye mashua anavyodhani.

Lakini sababu yangu kubwa si starehe. Mifereji ile imechoka, na anayepanga safari bila nafasi ya ziada anapanga kana kwamba haikuchoka. Mwezi Agosti 2019 bwawa la Toddbrook, lililojengwa kulisha mfereji wa Peak Forest, liliharibika baada ya mvua kubwa, na watu kama 1,500 wa mji wa Whaley Bridge wakahamishwa. Mwaka 2025 mambo yakawa kinyume chake: England ilipata majira ya kuchipua makavu kuliko yote tangu 1893, mabwawa yakashuka, na sehemu za mifereji ya kaskazini, ukiwamo ule wa Leeds na Liverpool, zikafungwa. Lango jembamba moja hutumia zaidi ya lita 100,000 kila linapojazwa. Pasipo maji bwawani hakuna safari, hata uwe umelipa.

Na fedha je? Tangu 2012 mifereji ya England na Wales, kama maili 2,000, imo mikononi mwa shirika la hisani, Canal & River Trust. Serikali ililipa shirika hilo pauni milioni 52 na ushei kwa mwaka. Mwaka 2023 ilitangaza kwamba kuanzia 2027 itatoa pauni milioni 400 hivi kwa miaka 10, zikipungua asilimia 5 kila mwaka. Shirika lilijibu kwamba, ukizingatia kupanda kwa bei, hasara inapita pauni milioni 300. Tangu Aprili 2024 wenye mashua wasio na kituo cha kudumu wanalipa nyongeza juu ya leseni, na wengi wao ni watu wanaokaa majini kwa sababu kodi za nyumba zimewashinda. Hapo sikubaliani na serikali hata kidogo. Tuta lenye umri wa miaka 200 halisubiri mwaka wa bajeti. Ukiliachia leo, kesho hulipi ukarabati peke yake, walipa na mashamba yaliyofurika na mashua zilizovunjika.

Mpwa wangu amekubali nusu. Tumeafikiana kwamba hatapeleka malipo yoyote kabla ya kusoma matangazo ya shirika juu ya sehemu zilizofungwa, na kabla mwenye mashua hajamwambia kwa maandishi kama fedha zitarudi mfereji ukikauka au tuta likikatika. Kuhusu mzunguko bado ananung'unika. Dada yangu yeye ameuliza jambo moja tu: kama pale juu ya Pontcysyllte anaruhusiwa kushuka avuke kwa miguu, upande ule wenye kinga. Anaruhusiwa.