MWEWE: MWIZI AU BWANA AFYA?

Wiki hii ya mapenzi tuyaweke pembeni kidogo. Nataka kumtetea mshitakiwa mmoja ambaye hapa Mwanza hana wakili: mwewe.

Kesi zake nazijua. Pale Mwaloni Kirumba ukizubaa tu, kitoweo hicho kimepaa! Kreta ya Ngorongoro watalii wanaonywa walie ndani ya gari, maana jamaa anashuka kwa nyuma, ananyakua paja la kuku kwa kucha na kulitafuna huko huko angani. Ule mkia wenye panda ndio usukani wake. Anaupinda huku na huku, anakata kona ambayo dereva wa daladala haioni hata ndotoni.

Sasa sikia upande wa pili. Huyu ni bwana afya asiyedai mshahara. Panya, matumbo ya samaki, mizoga iliyogongwa barabarani, vyote kwake ni mlo. Mvua ikikatika na kumbikumbi wakatoka, anawadaka mmoja mmoja kama anakula njugu.

Na nyumbani je? Kaka zangu, mpo? Mama anapolalia mayai yake, kwa kawaida mawili au matatu, kwa mwezi mmoja hivi, baba ndiye anayehangaikia msosi. Kiota chao ni vijiti juu ya mti, ndani wametandika matambara na makaratasi tuliyotupa sisi.

Ukimwona mwenye mdomo wa njano, huyo ni mtu mzima, mwenyeji. Mdomo mweusi ni kinda, au mgeni aliyekimbia baridi ya Ulaya na Asia.

Kinachoniudhi ni sumu. Mtu kapoteza vifaranga wawili, anapaka sumu kwenye utumbo na kuutupa uani. Jamani, sumu haichagui! Ataanguka mwewe, atafuata paka wa jirani, na mtoto anayetambaa je? Hata panya aliyekufa kwa sumu usimtupe jalalani, mwewe akimla naye yumo hatarini. Mfukie.

Dawa ni rahisi: vifaranga wafunike kwa tenga mpaka wakue, au jenga banda la wavu. Na wewe wa chipsi kuku, kulia ndani, maringo ya barabarani yatakuponza!

Tukutane wiki ijayo.